Wa pili kwa muda gani?

Jumanne iliyopita nilikuwa soko la Memorial, kwa kijana mmoja anayefungua belo za mitumba karibu na mafundi cherehani, natafuta sweta la mtoto kabla baridi ya Moshi haijakaza. Nikivuta vuta rundo ikatoka jezi nyeupe ya vifungo, maandishi meusi yenye ukingo wa njano. Mgongoni CLEMENTE. Chini yake 21.

"Chukua hiyo dada, buku tano tu. Mchezaji wa zamani huyo, wa Italia."

Nikatoa buku tano bila kupatana. Sweta sikununua siku hiyo. Nilikaa kwenye benchi la muuza kahawa nikiwa na ile jezi mapajani, na nikiri kwamba machozi yalinilengalenga, kwa sababu nusu saa kabla nilikuwa nimekata simu kwa hasira, na hasira yenyewe na ile namba 21 ni kitu kimoja.

Kisa ni hiki. Kuna binti wa kidato cha tatu ninayemsaidia mazoezi. Anakimbia mita 3000, na anaikimbia vizuri mno. Amepata fomu ya ufadhili wa masomo kwa wanamichezo, na fomu inauliza mambo manne: muda wake bora, tarehe, uwanja, na nani alipima. Mwaka jana aliingia mashindano akawa wa pili. Nilikuwepo. Niliwaona kwa macho yangu waamuzi watatu kwenye mstari wa kumalizia, kila mmoja na saa yake mkononi, na mwingine amekaa na karatasi. Kwa hiyo nikapiga simu kwa wahusika kuomba ule muda.

"Dada, karatasi za mwaka jana hatuna tena. Kwani alikuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Basi andika wa pili, inatosha."

Haitoshi! Wa pili kwa muda gani? Wa pili kati ya watoto wanne na wa pili kati ya ishirini ni neno lile lile kwenye fomu. Wa pili aliyeachwa nusu uwanja na wa pili aliyeshindwa kwa kifua ni wa pili wote. Yule mtoto alikimbia mizunguko saba na nusu juani, pekupeku, na kilichobaki ni neno moja ambalo hata mimi ningeweza kulitunga nikiwa nyumbani. Na hata hilo neno lililopo kwenye cheti chake, jina limekosewa herufi mbili.

Sasa nirudi kwa Clemente, maana wengi wenu mtajiuliza mama wa Majengo, Moshi, anajuaje mambo ya besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa rungu.

Mwaka 2011 nilikuwa mapokezi kwenye nyumba ya wageni wanaopanda mlima, zamu ya usiku. Akaja mzee wa Puerto Rico na wenzake. Goti likamgomea kituo cha Horombo, huko Kilimanjaro, akateremshwa, akakaa kwetu siku nne akiwasubiri. Usingizi haukumjia kwa maumivu, basi saa nane usiku alikuwa anashuka mapokezi na kompyuta yake, anasikiliza matangazo ya besiboli moja kwa moja kutoka Marekani, kwao ikiwa jioni. Na mkononi ana penseli na kidaftari.

Nikadhani anaandika barua. Kumbe anaandika mchezo. Karatasi imechorwa viboksi, kila mchezaji na kiboksi chake kwa kila zamu ya kupiga, na ndani ya kila kiboksi kuna umbo kama mraba uliosimama kwa kona yake, kona nne kwa beisi nne, vile vituo anavyozunguka mpigaji mpaka arudi alikoanzia, yaani nyumbani. Mpigaji akifika beisi ya kwanza, mzee anavuta mstari wa kwanza. Akifika ya pili, wa pili. Akizunguka mpaka nyumbani, lile umbo lote linajazwa penseli mpaka linang'aa. Mpigaji akikosa mara tatu ni K. Akisimama tu akaitazama mara ya tatu bila kupiga, K inaandikwa imegeuka nyuma. Walinzi, wale wanaodaka mpira uwanjani, wana namba zao, moja hadi tisa, kwa hiyo 6-4-3 inakuambia mpira umepita mikononi mwa nani na nani. Mlinzi akifanya uzembe inaandikwa E na namba yake, hata akiwa kipenzi cha mji mzima. Usiku wa tatu mzee alinipa penseli, akanyamaza, akaniacha niandike peke yangu. Nilikosea mara mbili, akafuta kwa kifutio, akanirudishia penseli.

Ndipo akanihadithia habari za Roberto Clemente wa Carolina, Puerto Rico, aliyezaliwa mwaka 1934, baba yake mfanyakazi wa mashamba ya miwa. Mtu mweusi, mzungumzaji wa Kispania, aliyeingia ligi kuu ya Marekani mwaka 1955 na timu ya Pittsburgh Pirates na hakuihama mpaka mwisho. Misimu 18. Ubingwa wa dunia mara mbili, 1960 na 1971. Mara nne alikuwa mpigaji bora wa ligi yake, mara 12 mfululizo akapewa tuzo ya ulinzi. Mwaka 1966 akawa mchezaji bora wa ligi. Kwa miaka mingi kadi za wachezaji zilimwandika "Bob" kwa sababu Roberto liliwashinda ulimi au hawakutaka kujisumbua, na yeye akashikilia kwamba ni Roberto. (Nilipoona cheti cha yule binti nilimkumbuka kwa hili pia.)

Lakini hadithi iliyonikaa rohoni ni ya siku mbili, Septemba 29 na 30, mwaka 1972.

Msimu ule ulipoanza alikuwa na mapigo 2,882. Pigo linahesabiwa pale mpigaji anapofika beisi kwa nguvu ya pigo lake mwenyewe. Akifika kwa sababu mlinzi kaudondosha mpira, halihesabiwi. Kufika 3000 ni kilele ambacho kabla yake walikuwa wamefika watu 10 tu. Alikuwa na miaka 38, mwili umechoka, na ikifika Ijumaa ya Septemba 29 amebakiza moja. Zamu yake ya kwanza kupiga, mpira ukamdundia mrushaji Tom Seaver wa New York Mets ukampita, mlinzi wa beisi ya pili akaukamata vibaya, Clemente akafika salama. Uwanja ukalipuka. Wote walijua ndiyo hiyo, 3000.

Mwandishi rasmi wa mchezo akaandika E. Kosa la mlinzi.

Hebu fikirieni yule mtu. Amekaa juu pale na penseli, chini yake mji mzima unaitaka hiyo namba, na mchezaji mwenyewe, mtu anayependwa kuliko wote Pittsburgh, anaitaka. Lingekuwa jambo dogo kumpa. Nani angelalamika? Akaandika alichokiona. Clemente alikasirika, na mzee wangu aliniambia hata leo wapo Puerto Rico wasiomsamehe yule mwandishi. Mimi namheshimu sana. Kwa sababu kesho yake, Jumamosi, katika kipindi cha nne, Clemente aliupiga mpira wa mrushaji Jon Matlack, pigo safi la beisi mbili ambalo hakuna binadamu angeweza kulibishia. Akasimama pale beisi ya pili, akavua kofia. Mashabiki uwanjani walikuwa elfu 13 na kidogo. 3000 ile haina doa. Ukiishika mkononi ni nzito, na uzito wake unatoka kwenye ile E ya jana yake.

Kisha ikaja Desemba. Tarehe 23 tetemeko liliibomoa Managua, Nikaragua. Clemente akakusanya misaada huko kwao, akatuma ndege, akasikia misaada inaporwa na watu wa serikali kule kabla haijawafikia wenye shida. Akaamua kwenda mwenyewe, akiamini kwamba yeye akiwepo hawatathubutu. Usiku wa Desemba 31, 1972, ndege iliyozidishiwa mzigo ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka San Juan, ikiwa na watu watano. Mwili wake haukupatikana. Mzee wangu alikuwa na miaka 12. Baba yake alimchukua asubuhi ya mwaka mpya wakaenda ufukweni, wakawakuta watu wamejaa, wamesimama tu, wanatazama maji. Aliponieleza hayo alikuwa ameshika penseli na haandiki, na kwenye kompyuta mtangazaji anaendelea kuongea peke yake.

Kwa hiyo ile Jumamosi ilikuwa ya mwisho. Pigo la 3000 lilikuwa pigo lake la mwisho katika hesabu ya ligi. Pale alipovua kofia hakujua yeye, hawakujua mashabiki, hakujua mwandishi. Na liliandikwa kama lilivyoandikwa la kwanza mwaka 1955, kama pigo lolote la kila siku.

Hapa ndipo ninapotaka kusikilizwa na walimu wa michezo, waratibu, wazazi, kila anayeshika saa kwenye mstari wa kumalizia kuanzia Himo mpaka Karatu. Tunaandika papo hapo kwa sababu hatujui ipi ni ya mwisho. Mtoto anayekimbia leo vizuri kuliko maisha yake yote, kesho anaolewa, anaumia goti, anahamishwa shule, baba anafariki na ada inakwisha. Mbio ile ya Jumamosi ya vumbi, kwa wengi wao, ndiyo kilele. Hawatafika mashindano ya dunia. Walichopata ni dakika 10 na sekunde kadhaa za kuwa bora kuliko walivyowahi kuwa, na sisi watu wazima tuliopewa saa na karatasi tunazipoteza halafu tunawaambia "wa pili inatosha".

Wengine watasema tatizo ni vifaa. Viatu kweli hakuna. Viwanja vibovu, nakubali. Lakini kaunta buku ya kuandikia muda ni bei ya sahani mbili za chipsi.

Wengine watasema mtu si namba, na Clemente mwenyewe anakumbukwa kwa ile ndege kuliko kwa rungu. Hili nalikubali kwa shingo upande. Ni kweli sheria ya Jumba la Heshima la Cooperstown, wanapoenziwa magwiji wa besiboli, ililegezwa kwa ajili yake, ikaachwa ile miaka mitano ya kusubiri baada ya mchezaji kuacha kucheza, na mwaka 1973 waandishi wa habari za besiboli 393 kati ya 424 wakampigia kura aingie, Mlatini wa kwanza. Na ni kweli kila mwaka ligi inatoa tuzo yenye jina lake kwa mchezaji anayehudumia watu. Roho yake ndiyo iliyowaliza. Lakini kura hupigwa kwa mtu mwenye kumbukumbu. Wangekuwa na nini mkononi kama daftari za Pittsburgh zingepotea? Wangesema alikuwa mzuri. Alikuwa wa pili, inatosha.

Na sisi tunajua utamu wa kipimo sahihi, tusijifanye hatujui. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na mwaka uliofuata akaivunja ya maili Kingston, Jamaika, kwa 3:51.0. Hizo nukta tunazitaja mpaka leo. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, ambaye barabara za Arusha zinamjua kwa mazoezi, alimaliza marathoni ya dunia Tokyo sambamba na Amanal Petros wa Ujerumani. Wote walipewa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyoamua, kwa sehemu tatu za mia moja za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Nilipiga vigelegele sebuleni mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Dhahabu ile tuliipata kwa kuwa mtu alipima na akahifadhi alichopima. Christchurch walipima. Kingston walipima. Tokyo walipima. Watoto wetu wanastahili kupimwa hivyo hivyo hapa nyumbani, kabla hawajapanda ndege yoyote.

Hata wasichana wanaocheza rede uani kwetu hawakubali hesabu ya kubahatisha. Mmoja akisema amefika kumi na wenzake wamehesabu nane, mchezo unasimama mpaka kieleweke.

Nimenunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza nimepiga mistari: tarehe, uwanja, upepo, hali ya njia, jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, muda, na sahihi za wapimaji wawili. Jumamosi asubuhi tulimpima yule binti. Saa mbili tofauti, mimi na mwalimu wake. Mizunguko saba na nusu. Saa yangu ilisoma 10:41.3, ya mwalimu 10:41.6. Mwalimu akasema tuandike hiyo yangu, imsaidie mtoto. Tukaandika 10:41.6, na binti akaangalia ukurasa kwa muda mrefu, akaomba kalamu, akaliandika jina lake mwenyewe, herufi zote.

Fomu inataka mbio mbili zilizopimwa. Ya pili ni Jumamosi ijayo, saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijachomoza sana, uwanja ule ule. Natafuta mtu wa tatu mwenye saa ya kupimia inayofanya kazi, na asiyeona tabu kuandika anachokiona. Aje na watoto wake kama nao wanakimbia. Kurasa zipo.