Mtafiti na Hukumu Yake: Je, Sosholojia Inyamaze Mbele ya Dhuluma?

Mwanafunzi anayeanza sosholojia chuoni huambiwa mapema kwamba kazi yake ni kueleza jamii ilivyo, si kuihukumu. Akiandika kwenye zoezi kwamba mahari kubwa ni unyonyaji, karatasi inarudi na wino mwekundu pembeni: huu ni mtazamo wako. Muhula unaofuata anasoma kuhusu utumwa, ukoloni na ubaguzi wa rangi, anakuta waandishi wanaosifiwa zaidi hawakuficha hasira yao hata kidogo. Amfuate nani? Swali hili huchukuliwa kama la mtihani tu, likishajibiwa limekwisha. Kwangu ni swali la kazi nzima ya mtafiti, na kila upande una hoja ambayo wenzao hawajaijibu sawasawa.

Upande wa kwanza unasimama na Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani. Katika Ujerumani ya wakati wake, maprofesa wa uchumi na jamii walikutana katika Chama cha Sera ya Jamii, ambacho Gustav Schmoller alikuwa mmoja wa waasisi wake, na walizoea kutoa maamuzi ya kimaadili kana kwamba yamechomoza yenyewe kutoka kwenye takwimu. Kwenye mkutano wa Vienna mwaka 1909 Weber aliwapinga waziwazi, na mwaka 1917 akachapisha hoja yake kwa kirefu. Utafiti unaweza kuonyesha kwamba mshahara fulani haumtoshi kibarua kulisha watoto wake. Kusema mshahara huo ni dhuluma ni hatua nyingine, na hatua hiyo namba haziichukui kwa niaba yako. Unaichukua wewe, kwa dhamiri yako. Kuzichanganya hatua mbili hizo ni kumnyima msomaji nafasi ya kukubali ya kwanza na kuikataa ya pili.

Weber husingiziwa kwamba alitaka mtafiti asiye na moyo. Hakusema hivyo. Alikiri kwamba maadili ndiyo yanayotufanya tuchague jambo la kuchunguza; asiyejali chochote hana swali la kuuliza. Alichokataa ni mtu kuvaa joho la sayansi akihubiri. Hoja yake ninayoipenda zaidi inahusu darasa: profesa anazungumza, wanafunzi wamekaa kimya, na mtihani anautunga yeye. Kuwamiminia siasa zake watu wasioweza kumjibu, tena wanaomhitaji awapitishe, aliona si haki. Aliyewahi kuandika kwenye mtihani jibu ambalo mwalimu alitaka kulisikia anajua Weber aligusa kitu cha kweli.

Lakini Weber huyohuyo ana historia. Mwaka 1892 alichambua hali ya vibarua wa mashambani mashariki mwa mto Elbe, na mwaka 1895, akizindua uprofesa wake Freiburg, aliyatumia aliyoyakuta kutaka mpaka wa mashariki ufungwe dhidi ya wahamiaji wa Kipolandi. Mkulima mdogo wa Kipolandi, alisema, anazidi kupata ardhi kwa kuwa yuko tayari hata kula majani. Hapo ushahidi wa hali ya maisha umebebeshwa dharau kwa watu. Ni kweli kwamba katika hotuba ileile alisema wazi kuwa anapima mambo kwa maslahi ya taifa lake, kwa hiyo kipimo hakukificha. Ila dharau haikukaa kwenye kipimo peke yake. Ilishaingia kwenye namna ya kuwaona watu wenyewe, na huko ndiko ilikokuwa vigumu kuitambua.

Upande wa pili unaonekana vizuri zaidi katika maisha ya W.E.B. Du Bois. Mmarekani Mweusi huyu alisoma Berlin kati ya 1892 na 1894, akafundishwa na Schmoller yuleyule, na mwaka 1896 aliitwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuchunguza maisha ya Weusi katika Kata ya Saba, Philadelphia. Alihamia katani humo na mkewe, akapita nyumba kwa nyumba na madodoso yake. Wakati huo Wazungu wengi waliamini kwamba umaskini na uhalifu wa Weusi ni tabia ya asili. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1899 kilionyesha ajira zilizofungwa kwa rangi, vyama vya mafundi vilivyowakataa, na kodi za nyumba zilizowaumiza. Du Bois aliamini kwamba ubaguzi unatokana na ujinga, na kwamba dawa ya ujinga ni utafiti uliotulia.

Aprili 1899, akifundisha Atlanta, alisikia kwamba kibarua Mweusi aitwaye Sam Hose anatuhumiwa kumuua mwajiri wake. Aliandika barua yenye maelezo yaliyopimwa, akatoka kwenda nayo kwenye ofisi ya gazeti. Njiani aliambiwa Hose ameshauawa na umati, na vifundo vya vidole vyake vimewekwa vionekane katika duka la vyakula mbele kidogo kwenye Mitchell Street, barabara aliyokuwa akiitembea. Aligeuka akarudi chuoni. Baadaye aliandika kwamba mtu hawezi kuwa mwanasayansi mtulivu asiyeguswa huku watu wake wanauawa na kushindishwa njaa. Mwaka 1910 aliacha kufundisha, akahamia New York kuhariri jarida la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi.

Tukio hili wengi hulichukua kama ushahidi kwamba sayansi isiyohukumu ilishindwa. Kuna ukweli ndani yake. Du Bois aligundua kwamba umati haukuwa ukisubiri takwimu ili uache kuua. Wala maelezo yaliyoondolewa kila neno la hukumu yasingekuwa sahihi zaidi. Mtafiti anayeandika kuhusu mauaji yale bila kuonyesha kwamba ni ukatili ameacha nje sehemu ya tukio lenyewe, kwa sababu ukatili ule ulikuwa ujumbe, ulikusudiwa kuwatisha walio hai.

Hata hivyo nasita kwenda na hoja hii hadi mwisho, na anayenizuia ni Du Bois wa Philadelphia. Kitabu kile kina kurasa ambamo anawakaripia Weusi maskini kwa ulegevu wa maadili ya ndoa na matumizi mabaya ya pesa, kwa sauti ya msomi wa tabaka la juu wa zama zile. Leo kurasa hizo ndizo zilizochakaa. Majedwali ya ajira na kodi yangali yanasomwa, na ndiyo yaliyoihamisha lawama kutoka kwenye damu ya mtu hadi kwenye mlango uliofungwa mbele yake. Weber mwenyewe aliiheshimu kazi yake. Jarida alilolihariri lilichapisha makala ya Du Bois mwaka 1906. Mwaka 1910, kwenye mkutano wa kwanza wa chama cha wanasosholojia wa Ujerumani mjini Frankfurt, Alfred Ploetz alipoleta nadharia zake za ubora wa mbari, Weber alimtaka aonyeshe ushahidi, kisha akasema kwamba mwanasosholojia mkubwa kuliko wote katika majimbo ya kusini ya Marekani ni Mweusi, Du Bois. Kwenye chama kilichopiga marufuku mahubiri, kudai ushahidi peke yake kulitosha kumweka Ploetz pabaya.

Kwetu Afrika Mashariki tuna sababu ya kuwa macho na hukumu iliyojificha. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha ripoti ya daktari wa akili J.C. Carothers kuhusu Mau Mau, iliyoueleza uasi ule kwa saikolojia ya Mwafrika aliyeng'olewa kwenye mila zake. Swali la ardhi likasukumwa pembeni. Ripoti ilisomeka kama sayansi tupu.

Tuje kwenye jambo la sasa: ndoa za utotoni Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mtafiti anayeingia kijijini na dodoso ameshahukumu tayari: mstari wa miaka 18 umeamua nani ahesabiwe mtoto. Mimi nauunga mkono mstari huo. Shida inaanza mdodosaji anapokaa kwenye mkeka wa mama mwenye nyumba, amekuja na mtendaji wa kijiji, na fulana ya mradi ina maandishi ya kupinga ndoa za utotoni kifuani. Mama anajua jibu linalotakiwa. Anasema binti yake ana miaka 19. Takwimu ya siku hiyo imeharibika, na iliyoiharibu ni nia njema.

Mdodosaji akija bila fulana, akakaa muda wa kutosha kunywa chai, huenda akaambiwa sababu ambayo kila anayekaa vijijini ameisikia: afadhali aolewe kuliko azalie nyumbani. Rahisi kuandika hapo kwamba wazazi wana tamaa ya ng'ombe. Lakini hadi Novemba 2021 msichana wa Tanzania aliyepata mimba aliondolewa shule ya serikali na hakuruhusiwa kurudi. Mzazi aliyemwona binti wa jirani akipoteza shule na ndoa kwa pamoja alipiga hesabu kwa hali aliyoiona. Ripoti inayomlaumu yeye peke yake imeiacha serikali ipite bila kuulizwa.

Alvin Gouldner, mwanasosholojia wa Marekani, alilisema jambo hili mwaka 1968 akimjibu mwenzake Howard Becker. Becker alikuwa amedai kwamba mtafiti hana budi kuchagua upande, na kwamba mara nyingi sauti za walio chini ndizo zisizosikika. Gouldner akaonya kwamba mtafiti anayewaonea huruma walio chini anaweza kuishia kuwapiga mawe maofisa wadogo, huku wakubwa wanaogharimia utafiti hawaguswi. Kwetu tunaijua hali hii. Hadidu za rejea hufika zimeshaandikwa na mfadhili, pamoja na tatizo na wa kulaumiwa: mila, wazazi, mtendaji wa kata. Hukumu ya maadili imo tayari ndani ya mkataba, na mtafiti anayejisifu kwamba hahukumu ndiye anayeibeba bila kuihoji.

Kwa hiyo nidhamu ya Weber naitaka zaidi kwa watafiti wenye uchungu kuliko kwa wasiojali, kwa sababu wenye uchungu ndio wenye haraka ya kumpata wa kumlaumu. Anayepinga ndoa za utotoni aiandike hofu ya yule mama kwa uzito wake wote, hata kama inavuruga kampeni. Akishafanya hivyo, sura ya mwisho aseme kwa jina lake kwamba anaona ni makosa kumwoza binti wa miaka 15, na kwamba serikali ilikuwa na mkono wake. Wafuasi wa Weber watamkumbusha kwamba kauli hiyo si sayansi. Ni kweli, na aiandike hivyo, kama kauli ya raia aliyefika kwenye nyumba ile na kuuliza.