Mtoto haingizwi shule kwa kura

Mikutano ya wazazi katika shule nyingi za msingi Tanzania, ajenda zake unazijua kabla hujaketi: kufungua kikao, muhtasari wa kikao kilichopita, mapato na matumizi, mchango wa chakula cha mchana, mengineyo. Suala la mtoto mwenye ulemavu, likibahatika kutajwa, hutajwa kwenye mengineyo, jua limeshapanda na kina mama wanakung'uta kanga waondoke.

Ndiyo maana watetezi wa elimu jumuishi, yaani shule inayompokea kila mtoto, mwenye ulemavu na asiye nao, wanataka mazungumzo ya aina nyingine: watu wakae katika vikundi vidogo, kina mama kwao, wanafunzi kwao, na mwezeshaji asiwe mwalimu mkuu wala mwenyekiti wa kijiji. Nawaunga mkono. Daftari la mahudhurio humwonyesha mtoto aliyeandikishwa akawa haji; ambaye hakuandikishwa kabisa halimjui. Jirani anamjua, ila hawezi kumtaja mbele ya meza kuu huku mama wa mtoto amekaa palepale. Wakiwa saba au wanane chini ya mwembe, na swali likiwa ni nani hayuko shuleni na kinachomzuia ni nini, majibu huwa ya kushikika: choo kisicho na mlango kwa binti aliyevunja ungo, kizingiti cha darasa kinachokwamisha kiti cha magurudumu, korongo lisilovukika wakati wa masika. Kizingiti hicho fundi wa kijijini anakimaliza kwa saruji kidogo na siku moja ya kazi.

Wenye mashaka nao wana hoja. Wanasema vikao hivi ni njia ya upole ya kumtwisha mzazi mzigo wa serikali, na mara nyingine ni kweli. Mashine ya nukta nundu, maandishi ya wasioona, haipatikani kwa kujadiliana, wala mwalimu anayeijua lugha ya alama. Mtoto kiziwi akipelekwa shule ya jirani isiyo na mwalimu huyo, amejumuishwa kwenye daftari tu. Afadhali angekuwa shule maalumu ya Buguruni Viziwi, Dar es Salaam, anakoweza kupiga soga na wenzake. Wapo wanaoziona shule maalumu kama ubaguzi mtupu. Kwa viziwi, nadhani wanakosea.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine: jamii ikiulizwa, inaweza kukataa. Juni 2017 Rais Magufuli alipotamka kwamba binti aliyejifungua asirudi shule ya serikali, wazazi wengi walimuunga mkono, kwa madai kwamba atawaharibu wenzake. Novemba 2021 serikali ikawafungulia mlango mabinti hao. Suala lile lingepelekwa kwenye mikutano ya vijiji, sidhani kama lingepita kila mahali. Lakini hata uamuzi huo wa juu haukumfundisha mtu namna ya kumpokea binti anayerudi: nani atabaki na mtoto, atanyonyesha saa ngapi, mwalimu atawaambia nini wanaomcheka. Hayo yanahitaji kikao.

Kwa hiyo mpaka wa mjadala uwekwe mapema. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma. Mwezeshaji alitamke hilo mwanzoni, bila kuomba radhi, kisha aulize atafikaje na atasomaje. Akifungua kwa "mnaonaje, tuwapokee?" ameshaharibu, na wenye sauti kubwa watammalizia kikao.

Muhtasari nao uandikwe kwa safu mbili: tunayoyafanya wenyewe kijijini na tunayoyadai halmashauri, kila moja na tarehe. Safu ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa mwalimu mkuu anaogopa kuonekana mlalamishi kwa Afisa Elimu Kata. Ipelekwe na wajumbe wa kamati ya shule, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu akiwa mmoja wao, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.