Naenda kusomea uhandisi mitambo, na gesi haihusiki

Mjomba ana mashine ya kupulizia salfa ambayo imenoki mara mbili, na mara ya pili niliinokisha mimi. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi Newala likizo ya Juni, msimu wa kupulizia mikorosho umeshaanza. Salfa, ile dawa ya unga ya kukinga mikorosho na ukungu, hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, kwa hiyo saa kumi usiku nyumba nzima iko macho. Nikatumwa kujaza mafuta. Nikajaza petroli tupu. Injini ile ni ya mipigo miwili, haina mahali pake pa kuweka oili kama pikipiki hizi za siku hizi. Oili yake huchanganywa humo humo kwenye petroli, na ukiisahau, pistoni inapanda na kushuka kavu, chuma juu ya chuma. Ilipuliza mikorosho kama kumi na miwili, ikatoa mlio mwembamba, ikazima. Ukivuta kamba, haiji.

Mjomba hakunigombeza. Kwetu Wamakonde mjomba akinyamaza ndipo ujue kuna kesi. Jioni akafungua silinda, akaniwekea pistoni mkononi. Ubavu mmoja ulikuwa umechunika, una mistari ya wima kama umeparuzwa na paka, na ringi ya juu imeng'ang'ania kwenye mfereji wake.

"Haya mpwa wangu, soma," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Pistoni ile ninayo mpaka leo. Ukiniuliza kwa nini nimechagua uhandisi mitambo, jibu langu ni hiyo pistoni. Lakini tangu majina yatoke na watu wasikie nimepangiwa chuo Mbeya, sijapata nafasi ya kulisema jibu hilo. Kila ninayekutana naye ananipokea na jibu lake: "Hongera, unakwenda kusomea gesi!" Bodaboda ananiambia hivyo, shehe wa msikitini kwetu ananiambia hivyo, mwalimu wangu wa shule ya msingi kaniambia hivyo mara mbili. Mwanzoni nilikuwa nabisha. Sasa nasema ahsante.

Siwalaumu. Sisi wa kusini gesi tumezaliwa tukaikuta. Ya Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2013, wakati Mtwara inachafuka kwa kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, mimi nilikuwa darasa la kwanza. Wakubwa wakisema "gesi haitoki", sisi tukaifanya mchezo wa kukimbizana uwanjani. Mwaka 2015 bomba likakamilika, zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Kaka na dada zetu waliambiwa shikeni sayansi, ajira hizo zinakuja. Wengine walizipata. Wengine nawafahamu, wana vyeti safi na wanauza vocha.

Mtambo wa kuchakata gesi si shamba la korosho. Ukishajengwa, unaendeshwa na watu wachache waliobobea, haumezi wilaya nzima. Na ule mradi mkubwa wa Likong'o, Lindi, wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, mazungumzo yake yana umri wa kutosha kuanza shule. Ukija, karibu sana, nitaomba kazi kama wenzangu. Ila siwezi kupanga maisha yangu kwa ratiba ya kikao nisichoalikwa.

Tena nina wasiwasi na mwanafunzi anayeingia fani hii kwa ajili ya gesi peke yake. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, yuko mwaka wa tatu chuo kingine. Anasema mwaka wa kwanza ni hisabati, michoro, nguvu na mizani, na karakana. Mnazi Bay haimo. Gesi iliyomo ni ile ya kwenye silinda, inayobanwa na kupanuka mpaka kichwa kinauma. Aliyefuata mshahara anachoka hapo. Anayevumilia, kwa maoni yangu, ni yule ambaye kuna mashine fulani duniani ilishamkera.

Yangu ya kwanza ni ya salfa. Ya pili ni ya kubangulia korosho. Mama mdogo anabangua kwa kibarua, na mimi nimekaa pembeni yake likizo nyingi tu. Korosho ikishapikwa kwa mvuke na kupoa, anaiweka katikati ya visu viwili vilivyopindwa kufuata umbo lake, anakanyaga pedali, visu vinabana, halafu mkono unavuta mpini ganda linaachana. Moja. Halafu nyingine. Vidole amevipaka mafuta ya kula kwa sababu utomvu wa ganda unababua ngozi, na bado ncha zake ni nyeusi. Kokwa ikitoka nzima ina bei, ikivunjika bei inaporomoka. Sasa tatizo liko hapa: hakuna korosho mbili zinazolingana. Visu vinavyofaa korosho kubwa vinaiacha ndogo bila kukatika, na vinavyofaa ndogo vinaipasua kubwa pamoja na kokwa yake. Mkono wa mama mdogo unajua hilo na unajirekebisha bila yeye kufikiri. Chuma hakijui.

Viwanda vikubwa vya korosho vilijengwa huku kwetu miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mashine zikatoka Italia na Japani. Vingi havikudumu, vingine vikaishia kuwa maghala. Korosho nyingi bado zinapanda meli zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na hao Vietnam wanatengeneza mashine zao za kubangua wenyewe. Hilo linanikereketa kuliko bomba. Gesi iko chini ya bahari na inataka mabilioni. Ganda la korosho liko kiganjani mwangu.

Basi, maandalizi. Wadogo zangu wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wananiuliza nimejiandaa vipi, na naona wengi wanatarajia niwatajie vitabu. Shuleni kwetu tulikaa karibu muhula mzima bila mwalimu wa hisabati, tukafundishana wenyewe kwa pepa za nyuma na notisi zilizopigwa picha za simu, nyingine zimekatwa pembeni kiasi kwamba jibu unalikisia. Ilitosha kufaulu. Kuelewa ni kesi nyingine. Nilipomaliza mtihani Mei nilirudia mada za kidato cha tano polepole, bila presha, na ndipo nikaona kwamba kutafuta mteremko wa mkunjo, nilikokuwa nakariri kama dua, ni swali la kawaida tu: kitu hiki kinabadilika kwa kasi gani hapa nilipo? Siku hiyo nilicheka peke yangu.

Na nilipiga hesabu za mambo ya nyumbani. Newala iko juu mlimani, maji ya mradi wa Makonde yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Ndoo ya lita 20 kuipandisha mita 100 inataka jouli 19,600, ukisahau msuguano. Ukilijua hilo, bili ya umeme ya mamlaka ya maji unaiangalia kwa huruma kidogo.

Lakini muda mwingi nimeutumia Magomeni, Mtwara mjini, kwa fundi mmoja wa kukereza na kuchomelea vyuma. Wiki ya kwanza alinipa tupa na kipande cha chuma, nikinyooshe pande zote kiwe mraba. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Siku tatu! Ukiweka skwea na kuinua juani, mwanga ukipenya pembeni kama uzi, basi wewe unarudi kwenye jiriwa. Fundi alikuwa akipita anasema tu, "Bado, binti," hata bila kuangalia. Jioni nachora nilichoshika mchana, kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu. Michoro yangu ya mwanzo inachekesha, bolti zinaonekana kama uyoga.

Pale ndipo nilipokutana na shafti. Kuna mama ana mashine ya kusaga, shafti yake ilikuwa inakatika kila baada ya wiki chache, palepale karibu na beringi, inapopungua kutoka unene wa milimita 40 kuwa 30. Fundi anakereza mpya, inakatika. Akabadilisha chuma kigumu zaidi, ikakatika. Mimi nilichukua vipande viwili nikavitazama. Uso wa mkatiko ulikuwa na sehemu mbili: moja laini, ina mistari iliyopinda kama ya ganda la kombe, na nyingine chengachenga kama sukari. Nikavipiga picha, nikamtumia binamu. Akajibu kwa sauti ya dakika nne, nusu yake anajisifu. Kwa ufupi, shafti haikukatika siku ile. Ufa ulianza zamani, ukawa unatembea kidogo kidogo kila inapozunguka, na ulianzia kwenye kona ya ndani iliyokerezwa kali kama ngazi, maana nguvu hujikusanya hapo. Kona ikiviringwa, nguvu inapita kwa upole.

Kumwambia fundi mwenye miaka thelathini kazini kwamba kona yake ni kali, hapo ndipo maandalizi yangu yote ya chuo yalipopimwa. Nilizunguka siku mbili. Mwishowe nikasema, "Samahani fundi, shikamoo tena, naomba tujaribu moja kwa utani." Akaniangalia. Akanoa kisu cha kukerezea kikawa na ncha ya duara, akakereza.

Nawajua wahandisi wanaowadharau mafundi, na mafundi wanaosema wasomi hawajui kushika spana. Wote nawasikia. Fundi wangu anajua mambo ambayo sitayakuta kwenye kitabu chochote. Anachokosa ni jibu la kiasi gani, na la kwa nini hapa na si pale. Hicho ndicho nakwenda kukitafuta kwa miaka minne, na baada ya hapo bado kuna mafunzo chini ya uangalizi kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijaniita mhandisi. Ni safari ndefu, na inaanza kwa basi la Masasi, Tunduru, Songea, mizigo ikiwa miguuni.

Pistoni naiacha kwa mama. Shafti ina mwezi wa tatu sasa na haijakatika. Fundi anasema ni bahati, chuma cha safari hii kilikuwa kizuri. Lakini juzi aliletewa shafti ya mashine nyingine, nikamwona ananoa kisu kile cha duara, hajaniambia kitu, na mimi sijamuuliza.