Bwana Harusi Alipotaga

Naanza kwa kuwaomba mnaocheka mcheke polepole, mbavu zina kazi nyingine. Najua ile sauti ya dakika nne, aliyoirekodi mshenga wangu kuhusu harusi ya kinyonga wangu, imeshafika. Imefika Tanga, imefika Mombasa, imefika mpaka Muscat kwa binamu yangu ambaye hatujasemeshana tangu tugombane 2019, na jana kaniandikia neno moja tu: "Hongera." Basi na mimi nieleze, maana mshenga wangu anasimulia kama aliyekuwa mstari wa mbele, kumbe nusu ya shughuli alikuwa jikoni kwa watu anakula.

Kwanza marekebisho. Hakuna aliyempa Sultani, kinyonga wangu, mimba. Nalisema hili mapema kwa sababu naona mmeanza kutaja majina. Kinyonga wa Yemen, jike akishapevuka, hutaga hata kama hajawahi kumwona dume kwa macho, kama kuku wa mayai tu. Mayai hayana kitu ndani. Kwa hiyo hapa kwangu hakuna fumanizi. Pili, sikuzimia. Nilikaa chini kwa haraka.

Wapya humu: niko Columbus, Ohio, nafuga kinyonga mmoja, na kila mwezi Jumapili moja wafugaji wa vinyonga tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu. Mwafrika ni mimi peke yangu, tena mzaliwa wa Lushoto, milima ya Usambara, ambako vinyonga wako hata uani. Mtu wa Lushoto akiingia kwenye kikao cha Wamarekani wafuga vinyonga ni kama mgeni kutoka Makka ameingia msikiti wa kijiji. Kila mtu anasogea kukupa nafasi.

Ukweli ambao sikuwaambia ni kwamba Lushoto mimi vinyonga nilikuwa nawakimbia. Bibi alitukataza hata kumnyooshea kidole. Siku kinyonga aliponidondokea shingoni kutoka kwenye mti wa mpea nilipiga yowe likaleta majirani na mapanga. Huyo ndiye mtaalamu wao.

Mbona nilimnunua? Msiniulize maswali ya Januari. Ulikuwa usiku wa baridi, nimetoka zamu, nikaona kitu cha kijani. Muuzaji akasema ni dume, nikaangalia lile taji kichwani, nikasema naam, dume, huyu ni Sultani. Kumbe taji jike naye analo, dogo kidogo. Tofauti ya uhakika iko mguuni: dume huanguliwa akiwa na kimwiba nyuma ya kisigino, kama cha jogoo. Jike hana. Ni jambo la kuangalia sekunde mbili. Lakini ili uone kisigino lazima umshike, na mimi Sultani nilikuwa namlisha kwa koleo ndefu la jikoni huku nimevaa glavu za kuoshea vyombo.

Haya, tuje kwenye kikao. Kina pande mbili zisizoelewana hata kwenye chai. Kuna mzee mmoja namwita Mzee wa Wavu, na kuna mama mmoja namwita Mama Kioo. Mzee anasema kinyonga akae kwenye tundu la wavu apate hewa, ukimfungia kwenye kioo hewa inatuama, mapafu yanaumwa. Mama anajibu kwamba huo wavu ungefaa penye joto na unyevu, lakini Ohio wakati wa baridi hita zinakausha nyumba mpaka midomo inapasuka, na wavu hauzuii unyevu hata punje. Wakichoka na matundu wanahamia kwenye taa za UVB, zile za mionzi kama ya jua. Wakichoka na taa wanahamia kwenye poda ya kalsiamu, yenye vitamini D au isiyokuwa nayo, kila mlo au mara mbili kwa mwezi. Nimeona wazazi wakwe wakigombania jina la mtoto kwa upole kuliko hao.

Na mimi katikati, hakimu. Mzee akisema, namtazama. Mama akisema, namtazama. Halafu nanyamaza kidogo, nasema: "Kule kwetu Usambara, usiku unashuka ukungu, asubuhi jua linakausha." Kimya. Mtu anaandika kwenye daftari. Kuna siku nilizidiwa na hoja nikawatolea ile kubwa, kwamba 2006 wataalamu walipotenga jenasi mpya, yaani ukoo mpya, ya vinyonga wa Afrika Mashariki waliipa jina Kinyongia, neno la Kiswahili, neno la mama yangu! Mama Kioo akasema kwa upole kwamba wangu si Kinyongia, wangu ni Chamaeleo calyptratus, kwao ni Yemen na Saudia. Nikamwambia Yemen na pwani yetu ni ndugu wa damu, awaulize wauza kahawa. Sijui nilikuwa na maana gani. Ilikubalika.

Yeye ndiye aliyenionya, mniandikie hilo. Aliniuliza nampa nini, nikajibu nyenje kumi kila siku na mende juu. (Ndiyo, mende. Hapa mende wananunuliwa kwa dola, kwenye kopo lenye matundu. Tutarudi huko.) Akasema jike asilishwe hivyo, apewe watatu au wanne, siku moja ndiyo siku moja hapana, na joto la pale anapoota lisizidi digrii 27 hivi, maana ukimshibisha na kumpasha atatunga mayai mengi kupita kiasi yamuumize. Nikacheka kile kicheko cha wanaume. "Mama, wangu dume. Dume lazima lile."

Mnaona linakokwenda.

Machi Sultani akabadilika. Akawa anashuka chini, anakwaruza pembe za tundu usiku na mchana, chakula hataki. Mke wangu akapita na kapu la nguo, akasimama, akasema, "Huyu mbona ana tumbo kama langu la kifungua mimba?" Nikamwambia ni misuli. Nikapeleka dalili kikaoni kwa maneno tu, bila mgonjwa, kwa hoja kwamba kinyonga akisafirishwa hupata wahaka. Mzee wa Wavu akasema, kama ni dume lililopevuka na linahangaika hivyo, basi linatafuta mke. Na yeye ana jike.

Hapo ndipo mzaha ulipoota mizizi. Mama Kioo alipinga, akasema vinyonga wa Yemen wanaozaliwa ni wengi kuliko watu wa kuwatunza. Mzee akanuna. Mimi, hakimu, nikasema kwetu jambo kama hili lina taratibu zake: kuna posa, kuna mshenga, kuna mahari. Wakafurahi kupita kiasi. Mahari ikapangwa: mende mia mbili na taa moja mpya. Mshenga nikamtafuta, jamaa yangu wa Kisauni mnayemjua, akaja na kanzu mbili zilizopigwa pasi. Alisema ikiwa ni harusi, ni harusi.

Sasa njooni polepole, hapa ndipo sauti yake imeruka.

Sebuleni kwa Mzee wamejaa watu kumi na wawili. Bi harusi yuko kwenye tundu lake la wavu kwenye kona, juu ya mmea wa mpira ulio kwenye chungu, haelewi. Mimi nimesimama katikati na kanzu na kofia, mbele yangu sanduku limefunikwa kitenge. Kwa ajili ya heshima ya siku hiyo sikuvaa glavu. Nilikuwa nimejisemea njia nzima, utamshika, ni dakika moja, wewe ni mtu mzima.

Nikaingiza mkono chini ya kitenge bila kumfunua, ili nimtoe kwa madaha. Nikahisi vidole vyake vinanibana, viwili huku, vitatu huku, kama mtu anayenibana kwa vibanio vya nguo. Jasho likanitoka mpaka kwenye visigino. Akaanza kupanda. Hakupanda juu ya kanzu, jamani. Aliingia ndani ya mkono wa kanzu.

Nikaendelea kuhutubia. Ningefanyaje? Nimo kwenye hotuba kuhusu maji, kwamba kinyonga hanywi bakulini, hulamba matone kwenye majani, na kwamba wengi hapa vinyonga wao wana kiu bila wenyewe kujua. Sauti imepanda kidogo kwa sababu kuna mnyama anatembea kwenye kiwiko changu. Na hapo nikahisi kitu kinateremka ndani ya mkono wa kanzu, laini, cha uvuguvugu, kikatua kwenye kiganja.

Nikachungulia. Cheupe.

Hapa lazima mjue jambo moja mnielewe. Mkojo wa kinyonga si maji, ni kijiwe laini. Akiwa na kiu huwa wa njano au rangi ya chungwa. Akinywa vizuri ni mweupe. Kila mfugaji anajua. Kwa hiyo mimi sikuona aibu. Mimi niliona ushahidi umenidondokea mkononi katikati ya hoja.

Nikainua kiganja juu ya kichwa. Nikakizungusha kushoto, nikakizungusha kulia, watu wote waone. Nikasema, na maneno haya nitazikwa nayo: "Tazameni weupe huu! Nani humu ndani kinyonga wake anatoa kitu cheupe kama hiki?"

Hakuna aliyejibu. Mama Kioo akavuta miwani kutoka kichwani, akaivaa. Akasogea. Akakitazama kile kitu. Akanitazama mimi. Akakitazama tena. Na mimi bado nimeinua mkono, natabasamu, nasubiri anipe haki yangu. Mzee wa Wavu naye akaanza kusogea, na hao wawili, ambao sijawahi kuwaona wakisimama upande mmoja wa chumba, wakasimama bega kwa bega mbele yangu kama madaktari.

Kikateremka cha pili. Hiki hakikutua kiganjani, kilianguka kwenye zulia, na hakikupasuka. Kikadunda kidogo.

Mjukuu wa Mzee, miaka saba, ndiye aliyeuliza kwa sauti ya darasani kwa nini bwana harusi anataga. Kwa Kiingereza haikuniuma sana. Kilichoniuma ni sauti kutoka mlango wa jikoni, mdomo umejaa: "Ndugu yangu, bwana harusi wako yuataga!"

Na Sultani, kana kwamba amesikia anaitwa, akatokeza kichwa kwenye kola ya kanzu, chini ya kidevu changu. Sijawahi kumwona hivyo. Amekuwa mweusi mweusi, madoa ya njano na ya buluu mwili mzima. Akamwona bi harusi kule kona, akafungua kinywa, akatoa sauti kama tairi linalotoa upepo. Mama Kioo akanyoosha mkono taratibu, akaushika mguu mmoja wa nyuma wa Sultani kwa vidole viwili, akaugeuza mbele ya macho yangu. Kisigino laini. Kama cha mtoto mchanga.

"Miezi yote hii," akasema. Basi, hayo tu.

Hapo ndipo nilipokaa chini kwa haraka.

Mengine ni mafupi. Mzee alileta ndoo ya mchanga wenye unyevu, Mama akapima kina kwa mkono wake mpaka karibu na kiwiko, wakamweka Sultani ndani, wakazima taa, wakatufukuza, maana jike akiona anatazamwa anaweza kuliacha shimo. Watu kumi na wawili wakanyata jikoni wakinong'ona kama wodi ya wazazi. Wavu na Kioo wakafanya kazi pamoja usiku kucha bila neno moja baya, na kesho yake asubuhi wakaanza kugombana kama mchanga ule ulipaswa kuchanganywa na udongo. Mayai hamsini na moja, pamoja na yale mawili ya hadhara. Mama mzazi hajambo, anakula. Watatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Mahari imerudishwa, ila mshenga amekataa kurudisha yake kwa sababu anasema kazi ya kutangaza ameifanya.

Kisiginoni nimeangalia tena juzi, mwenyewe, kwa mkono mtupu. Mke wangu alinishikia tochi. Hakusema chochote kuhusu misuli, na sitaki mumkumbushe.

Sauti yenyewe ilimfikia mama Lushoto kabla sijampigia. Nikajiandaa kwa kicheko. Akasikiliza maelezo yangu yote, kimwiba, ndoo, mayai, mpaka mwisho, kimya. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia msiba:

"Ile ya mende. Unawanunua kweli?"

Nikasema ndiyo mama, kuna duka.

Akakata simu.