Geti la Changamwe au laptopu ya Kisauni?

Saa kumi na mbili asubuhi, nje ya geti la kiwanda kimoja cha nguo Changamwe, Mombasa, vijana wamejipanga na kopi za vitambulisho mkononi. Msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Waliobaki warudi kesho. Ukiwaona hivyo, mdomo unawasha uwaambie waache vibarua wakasome kompyuta. Hata mimi nimewahi kusema hivyo, tena mbele ya wazazi wao.

Lakini wapigia debe teknolojia huliruka swali moja: ule mwaka au miwili ya kujifunza, utalishwa na nani? Kiwandani mshahara ni haba na tageti ya vipande haikupi nafasi ya kupumua. Hata hivyo mwisho wa mwezi kuna kitu mkononi. Kijana wa jirani yangu Kisauni ana mwaka mzima akijifunza kutengeneza tovuti kwa laptopu ya mtumba iliyokufa betri. Stima zikipotea, kazi imepotea nazo. Amelipwa mara mbili tu. Bando lake hununuliwa na mahamri ya mamake.

Bando lenyewe kichekesho. Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM mwaka 2009, kisha EASSy 2010, zilitua hapa hapa Mombasa. Kazi nyingi za kompyuta zikapanda zao Nairobi.

Wanaosema kiwanda ndiyo salama nao wapunguze. Nguo nyingi za EPZ, viwanda vya bidhaa za kuuza nje, huuzwa Marekani, na msamaha wa ushuru wa AGOA, sheria ya Marekani kwa bidhaa za Afrika, ulipofika mwisho Septemba 2025, mshonaji asiyewahi kuvuka Mariakani alijikuta riziki yake inangoja Bunge la Washington. Mtengeneza tovuti naye anamngoja mteja wa ng'ambo, huku akili mnemba ikimaliza kwa dakika vijikazi alivyoanzia.

Mimi ningekuwa na mtoto wa miaka 20, ningemsukuma kwenye ufundi wa umeme na mitambo, hata pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor. Mashine za viwandani siku hizi zinaendeshwa na kompyuta, na anayejua kuzitibu hapangi foleni getini. Yeye hupigiwa simu usiku.

Karo, najua. Wapo wanaokesha shifti ya usiku na kusoma mchana. Namjua mmoja: usingizi wake ni ndani ya matatu, kutoka Miritini, na makanga wameshazoea kumwamsha.