Makanisa ya Udongo ya New Mexico: Watajwe na Waliojenga

Ukisoma habari za kanisa la San Esteban del Rey huko Acoma, jimbo la New Mexico nchini Marekani, hukawii kukutana na jina la padri Juan Ramírez. Ndiye padri wa shirika la Wafransisko aliyepelekwa huko mwaka 1629, enzi za utawala wa Wahispania, na ndiye anayetajwa kuwa mjenzi. Mimi sikubaliani na masimulizi hayo. Kanisa lina urefu wa karibu mita 38, kuta zake zina unene wa mita mbili na zaidi, na limesimama juu ya mwamba ulioinuka kama mita 110 kutoka uwandani. Padri mmoja, hata awe na bidii ya namna gani, hajengi kitu kama hicho. Walijenga wenyeji wa Acoma, na historia yoyote inayoanza na Ramírez na kuishia kwake imetuficha sehemu kubwa ya habari.

Tuuangalie mwamba wenyewe kwanza. Huko juu hakuna msitu, na udongo ni haba. Kila kitu kilipandishwa kwa mgongo na mikono kupitia njia za miguu zilizochongwa kwenye jiwe: udongo, mawe na majani makavu ya kuchanganya kwenye matofali. Hata makaburi yalihitaji kutengenezewa ardhi. Watu walijenga ukuta mrefu ukingoni mwa kanisa, kisha wakalijaza pengo kwa udongo waliouteka chini, mzigo baada ya mzigo, hadi wakapata mahali pa kuzikia. Boriti za paa zilitoka milima ya Mount Taylor, mwendo wa karibu kilomita 50. Wazee wa Acoma husimulia kwamba magogo hayo hayakuruhusiwa kugusa chini njia nzima.

Boriti ndizo zilizoamua upana wa jengo. Makanisa haya ni marefu na membamba kwa sababu chumba hakiwezi kuzidi urefu wa gogo. Anayezijua nyumba za kale za Lamu atalielewa hili upesi, maana kule nako vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazifiki mbali. Juu ya boriti walipanga fito, kisha wakafunika kwa tabaka nene la udongo. Madirisha ni machache na yako juu. Katika makanisa mengi ya New Mexico mafundi waliinua paa la upande wa altare kidogo kuliko lile la waumini, wakaacha uwazi mrefu katikati ya mapaa hayo mawili. Ukiingia, kwako ni giza, na mbele mwanga unaimwagikia altare, wala huoni unatokea wapi. Kwa udongo na miti tu! Nimeona picha za makanisa makuu ya Ulaya yenye vioo vya rangi, na bado huu ndio ubunifu unaonigusa zaidi.

Sasa, nani hasa aliyesimamisha kuta? Jibu lipo kwenye maandishi ya Wahispania wenyewe. Mwaka 1630 padri Alonso de Benavides, aliyekuwa msimamizi wa misheni za New Mexico, aliwasilisha taarifa yake kwa mfalme wa Hispania. Anaeleza kwamba kwa watu wa huko kujenga kuta ni kazi ya wanawake, ilhali wanaume hufuma nguo, huwinda na kwenda vitani. Anaongeza kwamba mwanamume akilazimishwa kujenga ukuta, hutoroka, na wanawake humcheka. Mashahidi wachache wana uzito kuliko huyu, kwani hakuwa na sababu ya kuwapamba wenyeji. Kwa hiyo makanisa ambayo tumezoea kuyaita ya Kihispania yametoka kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanawake wa Kipueblo, yaani wa jamii za wenyeji wa New Mexico kama hao wa Acoma. Wahispania walileta kalibu ya kufyatulia matofali, zana za chuma, wanyama wa mizigo na ramani ya kanisa. Ustadi wa kuujua udongo, upi unashika na upi unapasuka, wanawake wale walikuwa nao kabla meli ya kwanza kutoka Hispania haijaonekana.

Na hawakuitoa kazi hiyo kwa hiari kama ambavyo vitabu vya zamani vilipenda kusema. Januari 1599 askari wa gavana wa Kihispania Juan de Oñate waliivamia Acoma kulipiza kisasi cha kuuawa kwa mpwa wake, wakaua watu wapatao 800. Hukumu iliyotolewa kwa waliosalia iliagiza kila mwanamume aliyezidi miaka 25 akatwe mguu mmoja na kutumikishwa miaka 20, na wanawake kuanzia miaka 12 nao watumikishwe miaka 20. Kutoka hukumu ile hadi kuwasili kwa Ramírez ni miaka 30 tu. Waliobeba magogo ya Mount Taylor walikuwa watoto na wajukuu wa waliokatwa, pengine na wao wenyewe. Ilipofika 1998, karne nne tangu Oñate aingie New Mexico, sanamu yake ya shaba kaskazini mwa jimbo ilikuwa imekatwa mguu wa kulia. Jambo hilo halijasahaulika.

Tarehe 10 Agosti 1680 Wapueblo waliinuka pamoja wakiongozwa na Po'pay, mtu wa dini ya jadi ambaye miaka mitano nyuma alichapwa viboko pamoja na wenzake kwa kushika mila zao. Siku ya kuanza ilihesabiwa kwa kamba zenye mafundo zilizopelekwa kijiji hadi kijiji. Mapadri 21 waliuawa, na Wahispania wakafukuzwa kwa miaka 12. Kanisa kubwa la Pecos lilibomolewa. La Acoma lilibaki. Napenda kuamini kwamba waliliacha kwa sababu walilihesabu kuwa lao, pamoja na makaburi yale ya udongo wa kubeba.

Huko California, ambako padri Junípero Serra alianza mlolongo wa misheni 21 mwaka 1769, mambo yamepambwa zaidi. Kuta nyeupe na vigae vyekundu vimeigwa hadi kwenye vituo vya reli na hoteli, na kwa miaka mingi watoto wa darasa la nne walitengeneza vijumba vya misheni bila kuelezwa wenyeji wangapi walizikwa humo. Serra alitangazwa mtakatifu mwaka 2015, wazao wa wenyeji wakipinga. Malalamiko yao yalistahili kusikilizwa kuliko yalivyosikilizwa.

Turudi kwenye udongo. Mwaka 1967 kanisa la San Francisco de Asís huko Ranchos de Taos lilipigwa lipu ya saruji ili kuokoa gharama za kulikandika upya. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea, na matofali yakaanza kuoza ndani kwa ndani. Mwaka 1979 saruji ikabanduliwa. Tangu hapo waumini hukusanyika kila mwaka, wazee kwa watoto, wakakanda tope na majani na kulikandika kanisa lao kwa mikono. Huko Arizona, mafundi waliolikarabati kanisa la San Xavier del Bac waliondoa saruji vivyo hivyo, wakatumia chokaa iliyochanganywa na utomvu wa mpungate. Wanaokarabati nyumba za mawe Unguja wanaujua ugomvi huu wa saruji na kuta za kale.

Acoma leo mgeni hapandi mwambani peke yake. Anaongozwa na mwenyeji, na ndani ya kanisa na makaburini hapigi picha. Wapo watalii wanaonung'unika. Mimi nawaunga mkono Acoma moja kwa moja. Ningependa hata waende mbali zaidi: kwenye kila maelezo ya jengo lile, jina la Ramírez lije baada ya jina la watu wa Acoma, na wanawake watajwe kwa kazi yao, kama Benavides alivyoiandika mwaka 1630.