Msasa, jamani, msasa!

Hawa wauzaji wa bunduki kuukuu za kijeshi hapa Marekani watanitoa roho. Unaletewa Mosin-Nagant, bunduki ya jeshi la Kisovieti, ya kiwanda cha Izhevsk, 1942, unaapiwa kila kitu ni cha asili, namba za vipuri vyote zinalingana, yaani vilitoka kiwandani pamoja. Ukiigeuza, kitako kinang'aa kama kabati la bibi harusi: kimepigwa msasa, kikapakwa vanishi, mihuri ya kiwandani imefutika yote. Na hizo namba? Ya kwenye bolti, kile chuma unachokivuta kuingiza risasi, imechorwa kwa kalamu ya umeme ya kuchonga chuma, kazi ya karakana za Kisovieti zilizokarabati bunduki hizi baada ya vita. Zinalingana, ndiyo, kwa sababu zililinganishwa! Chungulia mtutu sasa: mifereji ya ndani imeliwa na kutu, maana risasi za zamani huacha chumvi na hakuna aliyesafisha. Ukiuliza bei, eti historia haina bei. Basi nipe bure!